Kiti cha Nyota na Meno Yake Matano

Shingo yangu iliniuma miezi miwili kabla sijakubali kwamba sababu yake ni nyota.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Mwaka ule, tukiwa kwenye mada ya mfumo wa jua, msichana mmoja wa kidato cha kwanza alinyoosha mkono akauliza kama nimewahi kuona sayari yoyote kwa macho yangu, ukiacha hii tunayoikanyaga. Nikamjibu kwa ukali kwamba mtihani hauulizi mwalimu ameona nini. Darasa likacheka, yeye akakaa, na mimi nikarudi nyumbani Miyuji nimejikasirikia. Jioni nikachukua darubini ya mume wangu, ambaye ni afisa mifugo na huitumia kuhesabu ng'ombe wa watu kwa mbali bila kugombana na wenyewe. Nikatoka uani, nikainua uso, na kuanzia siku hiyo kila jioni yenye anga safi nilikuwa nje.

Ubaya wa nyota ni kwamba ziko juu. Ukizitazama kwa nusu saa umesimama, kesho yake unafundisha umeinamia bega la kushoto, na ukigeuka kutoka ubaoni unakuta darasa zima nalo limeinamia bega la kushoto. Nilijaribu kulala kwenye mkeka. Uani kwetu kuna mbigili ambazo hazimalizwi kwa jembe wala kwa laana, na isitoshe jirani alichungulia juu ya ukuta, akaona mke wa mtu amenyooka chini kimya, akaanza kuita watu. Walikuja saba. Ikabidi niwaeleze wote, mmoja mmoja, kwamba mimi ni mzima.

Nikaenda kwa fundi seremala aliyetutengenezea kitanda. Nikamwambia nataka kiti ambacho mgongo wake unalala kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Akauliza kama ni cha mgonjwa. Nikasema hapana. Akauliza kama nafungua saluni. Nikasema hapana, ni cha kutazamia nyota. Alirudisha penseli yake sikioni taratibu, akasema ana oda nyingi za milango. Nilimwelewa, ila nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa nafanya kazi.

Mbao nilikuwa nazo, zile zilizobaki kwenye kenchi tulipopaua nyumba. Msumeno na patasi niliazima kwa jirani yule yule, ambaye sasa alitaka kujua kila hatua. Kwenye karatasi kiti kilikuwa rahisi. Unatengeneza fremu ya kukalia, unaunga mgongo kwa bawaba mbili za mlango, na nyuma ya mgongo unaning'iniza gongo la kuuegemeza. Ncha ya gongo inaingia kwenye meno uliyochonga katika mbao mbili za chini. Nilichonga meno matano. Kwenye jino la kwanza unakaa wima, kama uko kwenye kikao cha wazazi. Kwenye la tano unabaki kidogo tu kulala chali.

Siku ya kwanza niliketi kwenye jino la kwanza na kiti kikanitema. Sisemi kilivunjika, kilinitema. Nilikuwa nimechonga meno yakitazama mbele badala ya nyuma, kwa hiyo uzito ulipokuja gongo likateleza, mgongo ukaanguka, na miguu yangu ikaenda juu mbele ya jirani. "Pole mwalimu," alisema, akaondoa kichwa ukutani kwa adabu. Nilichonga meno mengine upande wa pili wa mbao zile zile. Nikaongeza mikono mipana ya kuegemeza viwiko, darubini isitetemeke. Nikakata sponji ya godoro kuukuu, nikaivika kitenge, nikaipigilia mahali pa kichwa. Nilipiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama zake.

Kisha nikaketi. Jino la tatu lilinipa kusini, Msalaba wa Kusini ukiwa juu ya taa za mjini. La nne na la tano yalinipa utosi wa anga, pale ambapo Nge hupita mwezi wa saba na mkia wake wote. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na nilikuwa nimetengeneza kitu kwa mikono yangu kinachofanya kazi. Nilifurahi hadi nikamwamsha mume wangu aje anione nimekaa.

Wiki mbili baadaye baba mkwe aliletwa kutoka Bahi.

Ni lazima nieleze ukoo wa mume wangu, maana mimi nimetoka Tanga, ambako mkwe ni wa kuheshimiwa ila si wa kukimbiwa. Kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaruhusiwa salamu tu. Namwambia shikamoo nikiwa mlangoni, anajibu marahaba akitazama pembeni, basi. Mengine yote yanapitia kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu wa tatu, mzee anauambia ukuta. "Mtu angepata maji ya kunywa," anauambia ukuta, na mimi naliambia sufuria kwamba maji yanakuja. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka kumi na moja, na nakiri kwamba ukuta ule ulisikia maongezi mazuri kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Nilimpenda yule mzee. Wakati wa posa, ukoo ulipobishana kuhusu mwanamke wa pwani asiyejua hata kukamua, yeye alisema amechagua madume ya ng'ombe maisha yake yote na hajaletewa malalamiko hata ya moja, basi na mwanawe naye aachwe achague. Sikufananishwa na dume la ng'ombe kabla ya hapo wala baada ya hapo, na bado nalihesabu kuwa neno zuri zaidi nililowahi kusemewa.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema maji yanajaa kifuani kila akilala, hivyo asilale bapa, alale akiwa ameinuliwa mgongo. Tulimwekea mito. Mito ikateleza, akaamka anakabwa. Tukaongeza mito, akateleza yeye. Mwishoni akakataa kitanda kabisa, akawa anakesha kwenye kiti cha mezani, kichwa juu ya meza, akikohoa. Usiku wa sita alianguka, tukamwokota yeye na kiti. Siku ya nane tulirudi kwa daktari, naye akatuambia mimi na mume wangu, mzee akiwa hasikii, kwamba mgonjwa huyu akiendelea kukosa usingizi namna hii, dawa peke yake haitamfikisha mbali.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka kiti changu. Aliingia nacho sebuleni jioni ile kama aliyeleta mkombozi. Mzee alikitazama muda mrefu, akauliza kinatumiwa na nani. Akaambiwa ni cha mkwewe. Akauliza kinatumiwaje. Mwanawe akaketi akamwonyesha, jino la kwanza, la pili, mpaka la tano, akanyooka miguu juu. Hapo mzee akageuza uso.

"Mimi siwezi kulala kwenye kitanda cha mkwe wangu," aliuambia ukuta.

Kiti angekikalia. Sofa zetu alizikalia kila siku na mimi nazikalia. Lakini kwao mwanamume haingii chumba cha mke wa mwanawe, sembuse kugusa kitanda chake. Mume wangu akasema baba, hiki ni kiti. Mzee akasema viti anavijua. Walibishana kwa upole hadi mzee akaishiwa pumzi, na mimi nikiwa jikoni nikiliambia sufuria maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mtu anakufa kwa kukosa usingizi, na kinachomzuia ni jina la fanicha.

Kwa kuwa mzee hawezi kubishana na dada yake mkubwa, mume wangu akampigia simu shangazi yake. Shangazi akasema swali hili ni zito na halijibiwi kwenye simu. Kesho yake saa nne asubuhi akateremka mlangoni kwetu na wazee wawili wa ukoo, mmoja wa kofia na mmoja wa koti, wote watatu wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Tukawaandalia viti uani kwenye kivuli cha nyumba. Kiti changu kikawekwa katikati, peke yake, kama mshitakiwa.

Shangazi alikizunguka mara mbili. Akabonyeza sponji kwa kidole, akauliza hii imetoka wapi. Nikasema kwenye godoro kuukuu. Wazee wakatazamana, nikaona kwamba ingefaa niseme dukani. Mzee wa kofia akatoa hoja kwamba aliyekaa huona watu na aliyelala huona dari, kwa hiyo tuangalie mtu akiwa humu anaona nini. Nikasema, kupitia kwa mume wangu aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, kwamba mtu akiwa humu haoni watu wala dari, anaona mbingu. Walilifikiria hilo. Mzee wa koti akasema basi labda ni kaburi. Shangazi akamwambia anyamaze.

Ndipo mzee wa kofia akapendekeza chai. Kitini mtu hunywa chai na kitandani hawezi, akasema, kwa hiyo pale chai itakapomwagika ndipo kitanda kinapoanzia. Hoja hii iliwapendeza wote, na nikiri hata mimi niliipenda, maana ilikuwa na sura ya jaribio la maabara. Nikachemsha birika. Mzee wa kofia alikunywa kwenye jino la kwanza vizuri, la pili vizuri, la tatu kwa uangalifu, na kwenye la nne akajimwagia kifuani, akashuka akisema ushahidi umepatikana. Shida ilikuwa mzee wa koti. Yeye alichunga ng'ombe ujana wake wote, amezoea kunywa amejinyoosha kwenye nyasi, na akanywa kikombe kizima kwenye jino la tano bila kupoteza tone. Akaomba cha pili. Shangazi akaamuru matokeo yake yasihesabiwe, yeye akauliza kwa nini, wakaanza kugombana kuhusu jambo la mahari la zamani ambalo halikuhusu kiti kabisa.

Kutoka dirisha la sebuleni nilisikia mzee anakohoa, kikohozi kile kirefu kisicho na mwisho. Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nilisema, si kwa mume wangu wala kwa birika, nilisema wazi kwa wote, kwamba hiki ni kiti, nimekitengeneza mimi, nimekikalia mimi, na nitawaonyesha kinavyokaliwa. Nikaketi. Jino la kwanza, wakanitazama. La pili, wakanitazama. La tatu, shangazi akaitikia kwa kichwa. Nikainuka nikaweka la nne, nikaegemea, na mzee wa kofia akaanza kuvichunguza viatu vyake. Nikaweka la tano.

Wakati huo nilikuwa natazama juu, kwa hiyo sikuona. Nilisikia tu viti vinaburuzwa. Nilipoinua kichwa, mzee wa koti alikuwa ameukabili ukuta, mzee wa kofia amejifunika uso kwa kofia, mume wangu ameshika kichwa, na hata jirani juu ya ukuta alikuwa amegeukia kwao. Mke wa mwana wao alikuwa amelala chali mchana kweupe mbele ya wakwe zake.

Shangazi peke yake hakugeuka. Alinisubiri nishuke, nikashuka, nikajifunga kanga upya ingawa ilikuwa imejifunga vizuri. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kama ni kiti, mbona tumeona haya?"

Miaka yote nafundisha kwamba mambo hupimwa, na kumbe nilikuwa nimewapa kipimo mimi mwenyewe, tena sahihi kuliko chai. Uamuzi ulitolewa pale pale. Kitu hiki ni kiti kuanzia jino la kwanza hadi la tatu, ni kitanda kwenye la nne na la tano, na kwa kuwa vitu viwili haviwezi kuwa kimoja, kitanda kiondolewe. Aliyekitandika ndiye akitandue, akasema shangazi, akaninyooshea msumeno uliokuwa umeegemezwa mlangoni.

Nilikata mbao zote mbili baada ya jino la tatu. Najua mtu mwingine angesema moyo ulikuwa mwepesi kwa sababu ya mzee. Wangu haukuwa mwepesi. Nilikuwa nakata utosi wa anga, Nge na mkia wake, na nilikuwa na chozi ambalo nililiita vumbi. Shangazi aliokota vile vipande, hakuacha hata kimoja, akavitia jikoni chini ya sufuria, vikachemshia chai ya kuagana. Wakanywa wote wakiwa wima, wakaondoka kuwahi gari la Bahi.

Usiku ule tulimweka mzee kwenye jino la tatu, mito pande zote, blanketi hadi kidevuni. Pumzi yake ilikuwa nyepesi kuliko siku zote, hilo tulilisikia. Lakini hakulala. Alikaa macho wazi, mikono juu ya magoti, kama mgeni anayengoja mwenye nyumba arudi. Usiku wa pili vile vile. Asubuhi yake macho yake yalikuwa mekundu na mwanawe hakwenda kazini. Mimi nilikwenda, nikagombeza kila darasa nililoingia, maana niliona nimekata meno yale bure na mzee atatufia sebuleni kwa adabu.

Jioni nilikuta ameuandalia ukuta maneno marefu. Mtu hawezi kulala juu ya kitu asichojua kazi yake, aliuambia. Ameambiwa kiti hiki kilitengenezwa kwa kazi ya nje. Basi kitolewe nje, kielekezwe huko kilikokuwa kinaelekezwa. Na nyuma yake kiwekwe kigoda, upande wa kulia, ili atakayeketi pale na atakayeketi kitini watazame upande mmoja. Watu wanaotazama upande mmoja, aliendelea, hawaonani, na wasioonana hawawezi kukosa heshima. Nikageuka kulitafuta sufuria la kulijibu, nikaishia kuchukua kigoda.

Ilikuwa saa moja na nusu, upepo wa mwezi wa saba ukikata masikio. Mume wangu akabeba kiti, kisha akamtoa baba yake taratibu, akamfunika mablanketi, akaingia ndani kutafuta jingine. Nikaketi kwenye kigoda. Mbele yetu zilikuwa taa za mjini na juu yake Msalaba wa Kusini ukiwa umeinama.

"Kuna nini huko?" mzee aliuliza.

Nilisubiri. Ukuta ulikuwa nyuma yetu na hapakuwa na mtu mwingine.

"Nakuuliza wewe, mwanangu."

Miaka kumi na moja nilikuwa nimelisikia neno hilo likiendea wengine. Nikajificha kwenye ualimu, kama kawaida yangu. Nikamwonyesha zile nyota nne, kwa kidole kilichopita juu ya bega lake. Nikamwambia sisi tunaziita Msalaba, nikamuuliza watu wa ng'ombe wanaziitaje, maana nimesoma kwamba wafugaji wanazijua nyota kuliko wenye vitabu.

"Sijui," alisema. "Mimi usiku nilikuwa natazama ng'ombe. Ukitazama juu, wanaibiwa."

Nikacheka, naye akacheka hadi akakohoa, na kikohozi kikapita. Akasema niendelee. Nikaendelea. Nikamweleza jinsi ya kuupima urefu wa msalaba na kuurefusha kwa macho mara nne na nusu hadi ufike mahali pasipo na nyota, kisha ushuke wima mpaka ardhini, na hapo ndipo kusini penyewe palipo. Nikamweleza kuhusu zile mbili kali zinazoufuata, kwamba mojawapo ni jirani yetu wa karibu na bado mwanga wake unachukua zaidi ya miaka minne kutufikia. Nilimwuliza kama anaziona zote mbili. Hakujibu. Niliuliza tena, nikainama mbele kusikiliza pumzi yake.

Mume wangu akatokea na blanketi, nikamwinulia mkono anyamaze. Baba yake alikuwa anakoroma. Nimefundisha miaka kumi na saba, na ni mwanafunzi huyu mmoja tu aliyesinzia katikati ya somo langu nikalia kwa furaha.